VLC kwenye simu, kwa anayelipwa kusikiliza

Kazi yangu ni kusikiliza. Watu wananitumia sauti za mikutano, mahojiano na mawaidha, nami naziandika neno kwa neno. Faili sichagui, lije lilivyo. Huyu ananirushia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao ukiuchungulia ndani ni Opus iliyofungwa kwenye kasha la Ogg. Yule analeta m4a kutoka kwenye iPhone. Mwingine ana wma aliyoitunza tangu enzi za Windows XP, na hajui wala hataki kujua kwamba ni wma. Kwake yeye ni "ile sauti". Kompyuta ninayo, lakini nusu ya kazi naifanya kwenye simu, kwa sababu kusikiliza mara ya kwanza nakufanya nikiwa natembea au napiga pasi. Kwa hiyo programu ya kuchezea sauti kwangu mimi ni kama jembe kwa mkulima. Likilegea mpini, siku imeharibika.

Nilikuwa na programu nyingine, ya kulipia, siitaji. Ilinifaa miaka miwili. Usiku mmoja ikajisasisha yenyewe nikiwa nimelala, asubuhi nikaifungua nikakuta video ya mkutano inacheza vizuri, midomo inakwenda, mikono inarushwa, sauti hakuna. Chini kimetokea kijimaandishi kwamba muundo huo wa sauti hauungwi mkono tena. Nikawaandikia. Wakajibu kwa adabu kubwa kwamba ni "sababu za leseni". Yaani jana nilikuwa nasikia, leo sisikii, na faili ni lile lile, simu ni ile ile, masikio ni yale yale. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza hizi leseni ni za nani, na nikaipakua VLC, ile yenye koni ya barabarani ya rangi ya chungwa na nyeupe. Nina nayo sasa miezi minane.

Nianze na jambo lililonifanya nikae nayo. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea memori kadi yenye mahojiano aliyofanya na wazee alipokuwa bado kazini. Jioni akapiga simu.

"Mwanangu, zile sauti umezipata?"

"Shikamoo mwalimu. Nimezipata, ila hazifunguki."

"Marahaba. Hazifunguki vipi, na mimi juzi tu nilikuwa nazisikiliza?"

"Kwenye simu gani, mwalimu?"

"Ile yangu ya vitufe."

Basi ndiyo hiyo. Mafaili yote yalikuwa amr, isipokuwa mawili ya rm ambayo mwalimu alipewa na mtu kutoka kwenye kompyuta. Programu iliyokuja na simu yangu iliyaona mafaili ya amr ikayaorodhesha kabisa, lakini ukibonyeza inazunguka, inazunguka, inakuambia haiwezi. VLC iliyafungua yote. Hata yale mawili ya rm. Sikubadilisha chochote kwenye mipangilio, sikupakua nyongeza yoyote, sikuombwa anwani ya barua pepe. Tangazo halikutokea, na mpaka leo halijatokea, kwa sababu wenyewe hawaweki matangazo.

Sasa amr ni sauti ya namna gani? Ni sauti iliyobuniwa kwa ajili ya simu za mkononi kuongelea, si kwa muziki. Inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, inazikata vipande vya milisekunde 20, na hata ukiipa nafasi kubwa kabisa haizidi kilobiti 12.2 kwa sekunde. Ndiyo maana mtu anayeongea ndani yake anasikika kama yuko kwenye mtungi. Herufi "s" na "f" zinafanana. "Safi" na "fasi" unazitenganisha kwa maana ya sentensi tu. Kwa hiyo mwandishi wa sauti kama mimi anahitaji vitu viwili: kupunguza mwendo bila kuishusha sauti ikawa ya zimwi, na kurudia sekunde tatu zile zile mpaka neno likubali kutoka.

Hapa ndipo VLC inaponifaa zaidi, na nitakaa hapa kidogo. Ukibonyeza kitufe cha mwendo unapata kitelezi. Mimi kwa amr naweka 0.75, kwa wazee wanaomeza maneno naweka 0.6. Kwenye mipangilio ya sauti kuna swichi inayoifanya programu inyooshe sauti bila kubadilisha kimo chake. Iwashe. Ukiizima, mwendo ukipungua kila mtu anakuwa na besi ya mnada, na ukiongezeka wote wanakuwa vifaranga. Halafu kuna kurudia kutoka A hadi B: unaweka alama pale neno linapoanza, unaweka nyingine linapoishia, na kipande hicho kinazunguka chenyewe huku mikono yako iko kwenye kibodi. Kuna bibi mmoja katika zile kanda za mwalimu alitaja aina ya mtego wa samaki. Nimemsikiliza kwa namna hiyo labda mara arobaini. Neno lilikuwa "dema". Ukishalijua unaona aibu, maana alilitamka wazi kabisa, masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yanatafuta neno jingine.

Kasoro moja kwenye amr: ukiburuta kidole kwenda dakika ya kumi, haikufikishi dakika ya kumi hasa. Inakutua karibu. Sitailaumu sana, kwa sababu faili la amr halina jedwali ndani yake la kuonyesha dakika fulani iko wapi, programu inakisia. Lakini kwa mtu anayeandika muda pembeni mwa kila aya ni kero. Dawa yangu ni kuyageuza kwanza kuwa wav kwenye kompyuta.

Nikataka kujua kwa nini VLC inafungua na wengine hawafungui. Nilidhani ni ubingwa tu. Kumbe ni hadithi ndefu ya nani alifungua nini, lini, na alibakiza nini mfukoni.

Chukua hiyo hiyo amr. Android ilipotolewa hadharani msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, Oktoba 2008, kampuni ya PacketVideo, iliyokuwa ikiwauzia watengenezaji wa simu programu za sauti na video, iliingiza humo mfumo wake uliopewa jina OpenCORE chini ya leseni ya Apache, inayomruhusu yeyote kuutumia. Mali ya kampuni, iliyokuwa inakaa ndani ya simu ikiwa imefungwa, ikawekwa mezani. Android yenyewe haikukaa nao sana, ilihamia kwenye mfumo wake mwingine, Stagefright, kuanzia 2010. Lakini wapenda programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa, waliudaka ule msimbo, wakatoa ndani yake sehemu ya amr peke yake, wakaifanya maktaba inayoitwa opencore-amr. Leo ukitumia FFmpeg, programu huria ya kugeuza sauti na video, kutengeneza faili jipya la amr, maktaba hiyo ndiyo inayofanya kazi. Kampuni ilikwishasahaulika na watu wengi, mfumo wake ulikwishatupwa, na kipande chake kinaendelea kutumika. Hivyo ndivyo mlango ukifunguliwa kweli: hata mwenye nyumba akihama, maji ya kisima yanachoteka.

Sasa linganisha na yale mafaili mawili ya rm. RealNetworks, wenye RealPlayer na muundo huo wa rm, walitangaza Julai 2002 kwamba wanafungua msimbo wao kwa jina la Helix, na Oktoba mwaka huo huo injini ya kuchezea ikatoka. Lilikuwa jambo kubwa, hasa kwa vifaa vya mkononi. Simu nyingi za Nokia zilikuja na RealPlayer ndani. Lakini kilichofunguliwa kilikuwa injini. Kodeki zenyewe, yaani ule ufundi wa kuifumbua RealAudio na RealVideo, ulibaki umefungwa. Ni kama mtu akuruhusu uingie jikoni, masufuria yote uyaone, chakula akiweke kabatini na ufunguo aende nao. Kilichofanya rm za mwalimu zisikike kwenye simu yangu si ukarimu wa 2002. Ni watu wa FFmpeg waliokaa na programu zilizofungwa, wakazichambua tarakimu kwa tarakimu mpaka wakaandika kifumbuzi chao wenyewe. VLC inaazima kutoka kwao.

Nikisikia kampuni inasema "tumefungua" siku hizi, swali langu ni moja tu: faili langu litafunguka kwenye kifaa ambacho wao hawakukitengeneza? Kampuni ya On2 waliiachia VP3, kodeki yao ya video, mwaka 2001, na ndiyo iliyozaa Theora, kodeki huria. Google waliinunua On2 wakaifungua VP8, mdogo wake VP3, Mei 2010. Apple waliifungua ALAC, kodeki yao ya muziki usiopunguzwa, Oktoba 2011 chini ya leseni ya Apache. Hao watatu wamepita mtihani wangu. Mafaili yao nimeyacheza kwenye simu hii bila kubembeleza. Winamp, ile programu ya zamani ya kuchezea muziki kwenye kompyuta, nao wakaweka msimbo wao hadharani Septemba 2024, kwa leseni iliyomkataza mtu kusambaza toleo alilolirekebisha. Watu wakaanza kuchungulia, wakakuta ndani kuna vipande vya msimbo wa makampuni mengine, kelele zikawa nyingi, na Oktoba haijaisha ukaondolewa. Mimi niliyeanza kusikiliza mp3 kwa Winamp iliniuma, lakini huo haukuwa ufunguzi. Walifungua mlango wakaweka kabati katikati.

VLC yenyewe haikuzaliwa huria, na hili wengi hawalijui. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa mabweni yao. Ilikuwa mali ya chuo. Ilichukua mpaka Februari 2001 uongozi wa chuo kukubali itolewe kwa leseni huria ya GPL. Ile koni nayo ni ya wanafunzi hao hao, walikuwa na mazoea ya kukusanya koni za barabarani. Sijui polisi walisemaje.

Kuifikisha kwenye simu ndiko kulikozaa vurugu, na hapa ndipo nilipojifunza kwamba leseni huria nayo inaweza kukufungia mlango. VLC iliingia kwenye duka la programu la Apple mwaka 2010. GPL inasema: ukimpa mtu programu hii, usimwekee kizuizi cha ziada, akitaka kuinakili anakili, akitaka kuigawa agawe. Masharti ya duka yanaweka vizuizi vyao. Mmoja wa waandishi wa VLC akalalamika kwamba haki zake kama mwandishi zimevunjwa, na Januari 2011 ikaondolewa. Wenye iPhone wakakaa bila koni zaidi ya miaka miwili. Nina rafiki aliyeipakua kabla haijaondolewa na simu ile akaitunza kama hati ya kiwanja.

Walichofanya VideoLAN, ambao ndio wanaoisimamia, ni kuanza kutafutana. Msimbo wa VLC haumilikiwi na mtu mmoja. Kila aliyeandika kipande chake ana haki juu ya kipande hicho. Ilibidi wawaombe waandishi zaidi ya 100, mmoja mmoja, wakubali sehemu ya ndani kabisa ihamishwe kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake mwenye masharti mepesi. Hebu fikiria: unamtafuta mwanafunzi aliyeandika mistari michache miaka kumi iliyopita, sasa ana kazi nyingine, anwani imekufa. Kazi hiyo ilifanyika kati ya 2011 na 2012. Julai 2013 VLC ikarudi kwenye iPhone, safari hii ikiwa na leseni mbili, ikiwemo ya Mozilla. Na faida nyingine ya LGPL ni kwamba injini ile, libVLC, kampuni yoyote inaweza kuiingiza kwenye programu yake hata kama programu hiyo imefungwa, mradi injini yenyewe ibaki wazi. Kwa hiyo huenda unaitumia VLC bila kuiona koni.

Kwenye Android ilianza kama toleo la majaribio 2012, ikakomaa Desemba 2014. Mimi natumia ya Android, na hukumu yangu ni ya hiyo.

Betri. Video za kawaida, H.264 na ndugu zake, simu ina chipu maalumu ya kuzifumbua na VLC inaitumia. Ukiingia kwenye mipangilio ukaizima, kazi yote inahamia kwenye prosesa kuu na simu inapata joto la kukunyima kuishika. Nimejaribu ili nijue, usijaribu. AV1, muundo mpya zaidi wa video, ni tofauti: simu yangu haina chipu yake, lakini VideoLAN na wenzao waliandika kifumbuzi kiitwacho dav1d, kilichotangazwa 2018, na sehemu zake nzito zimeandikwa kwa mkono katika lugha ya chini kabisa ya prosesa za simu. Video ya AV1 ya upana wa kawaida inakwenda bila kukwama. Betri inaliwa, ndiyo, ila inakwenda.

Kucheza huku skrini imezimwa, inafanya. Video kuigeuza sauti tupu, inafanya, na hii kwa mikutano iliyorekodiwa kwa kamera ni baraka, kwa sababu sina haja ya kuona mtu anavyofuta jasho. Kama sauti imetangulia midomo unaweza kuirudisha nyuma kwa milisekunde. Ukipandisha kidole upande wa kulia wa kioo sauti inapanda, upande wa kushoto mwanga unapanda. Watoto wanalijua hili ndani ya dakika moja, watu wazima wanashangaa kwa nini simu imeingia giza.

Lawama sasa. Ya kwanza, maktaba. Kila nikichomeka kadi yenye mafaili mengi inaanza kuyapekua yote, na katika kupekua huko inakuwa nzito. Ukiwa na haraka, acha maktaba, nenda moja kwa moja kwenye folda. Ya pili imenigharimu jioni nzima: ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauonekani kwenye orodha. Unajua upo, umeusikia ndani ya WhatsApp, lakini VLC inakuambia hakuna kitu. Sababu ni kifaili kidogo kinachoitwa .nomedia ambacho WhatsApp inakiweka kwenye folda ya sauti ili zisije zikajaa kwenye orodha yako ya muziki, na VLC inakiheshimu. Njia ya kukwepa ni kubonyeza ujumbe, kuchagua kushiriki, kisha kuchagua VLC. Ukiwa na ujumbe mmoja si neno. Ukiwa na sitini za mgogoro wa kamati ya harusi, utatamani kulia. Ya tatu ni ndogo: mara nyingine inasahau nilipoishia, hasa nikiwa nimefungua faili kwa njia hiyo ya kushiriki.

Wateja wananiuliza pia kuhusu manukuu yanayojiandika. Januari 2025, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES huko Las Vegas, VideoLAN walionyesha VLC ikiandika manukuu na kuyatafsiri yenyewe kwa akili unde, ndani ya kifaa, bila intaneti. Walisema pia kwamba programu imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Mteja mmoja alinitumia habari hiyo na kijicheko pembeni, kana kwamba ananiaga. Nilimjibu nitaanza kuogopa siku itakapomsikia yule bibi na dema lake ndani ya amr ya kilobiti 12, upepo ukivuma na jogoo akiwika.

Mwalimu nimemkabidhi kurasa zake. Akaniuliza kama kwenye simu yake mpya, aliyonunuliwa na mwanawe, ataweza kuzisikiliza zile sauti bila kuja kwangu. Nikamwekea VLC, nikamwonyesha koni. Akaitazama, akasema, "Hii si ya matengenezo ya barabara?" Nikamwambia ndiyo, mwalimu, bonyeza hapo hapo.

Naipa nne na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya .nomedia.